Sura ya Saba: Manyoya ya Kushoto, Kigumba cha Kulia

Mshale uliomuua Boyd Lantry ulilala juu ya karatasi ya kaki, mezani, katika ofisi ya sherifu mjini Pruitt. Sajini Corliss Haugen alikuwa ameukodolea macho tangu saa mbili asubuhi na bado haukumwambia kitu.

"Saa kumi," alisema Brandt Colley akiwa mlangoni na kikombe chake. "Mwendesha mashtaka anasaini saa kumi alasiri. Baada ya hapo mzee Raske ni mshtakiwa wa mauaji, nawe utarudi kwenye kesi zako za wizi wa matrela."

Colley alikuwa mdogo wa Corliss kwa miaka kumi na mmoja na mkubwa wake kwa cheo tangu mwezi Machi. Alimkamata Alden Raske siku hiyohiyo mwili ulipopatikana, na gazeti la kaunti likamweka ukurasa wa mbele, kidevu juu. Corliss alilisoma gazeti hilo mara mbili, kisha akawashia jiko. Tuseme ukweli tu, alimwonea gere. Kwa hiyo asubuhi ile hakuwa na hakika kama anautilia shaka ushahidi au anamtilia shaka aliyeuleta.

Ushahidi wenyewe ulikuwa mwepesi kueleweka. Boyd, kijana wa miaka ishirini na tisa, alikutwa Jumapili kando ya dimbwi la matope kule juu mlimani Sawtail, mahali ambapo madume ya elki, wale kulungu wakubwa kama farasi, huja kugaagaa mwezi wa Septemba wakiwa na joto la kutafuta majike. Mshale ulikuwa umemwingia mbavuni na kukwama. Uti wake ulikuwa wa mwerezi, umezungushiwa mistari mitatu ya rangi karibu na manyoya: kijani, nyeupe, kijani. Katika chama cha wapiga pinde cha Pruitt kila mtu ana mistari yake, na kujipakia mistari ya mwenzako ni sawa na kuvaa pete yake ya ndoa. Kijani, nyeupe, kijani ni Alden Raske, miaka sitini na sita, mtengeneza mishale. Alipokamatwa alisema maneno manne, "Mshale huo ni wangu," akafunga mdomo.

"Na sababu ipo," Colley aliendelea. "Kijana mzuri anashinda nyumbani kwa mzee, mke wa mzee anacheka. Mji mzima unajua."

"Mji mzima ulijua pia kwamba mimi ndiye ningepandishwa cheo," alisema Corliss.

Colley alimpisha Hollis Beaudry, bwana nyama, askari wa wanyamapori wa bonde lile, ambaye aliingia na matope kwenye buti na kuinama moja kwa moja juu ya meza. Hollis ndiye aliyepima pale dimbwini: aliyepiga alisimama hatua thelathini na moja, nyuma ya miberoshi, akapitisha mshale kwenye mwanya wa matawi usiozidi upana wa sahani.

"Mmeitazama shingo ya kigumba?" Hollis aliuliza. Alionyesha kwa ncha ya kalamu pale chuma kilipovishwa kwenye mti. "Hii nyeusi ni gundi ya dukani. Sasa tazama chini yake. Hii kahawia ni utomvu wa msonobari. Alden hupika utomvu wake mwenyewe, nyumba yake yote inanuka."

"Yaani kilikuwapo kichwa kingine kabla ya hiki."

"Kilikuwapo, kikang'olewa."

"Mtu anaweza kubadilisha gundi," alisema Colley.

"Alden?" Hollis alinyanyuka. "Alden hajabadilisha hata kofia tangu nimfahamu."

*

Nadine Raske alikuwa amesimama kaunta na sahani ya pai iliyofunikwa kitambaa, akibishana na askari wa zamu kuhusu uma. Corliss alimchukua pembeni kwenye benchi.

"Mama Raske, nitakuuliza jambo la aibu."

"Uliza, mwanangu. Wameshaniuliza wote, wewe tu ndiye umebaki."

"Wewe na Boyd."

Mama alicheka, lakini si kicheko cha mtu mwenye furaha. "Nimeolewa miaka thelathini na minane. Laiti Alden angenionea wivu hata siku moja, ningekwenda kanisani kushukuru. Yule kijana alikuwa anakuja kwa Alden. Wanajifungia karakana wanapima uzito wa mishale mpaka chakula kinapoa. Mwenye wivu nyumbani kwangu nilikuwa mimi."

Corliss alimwamini. Mwanamke hajitungii uongo wa kujidhalilisha namna ile.

"Mwezi wa saba akamtengenezea dazeni nzima," Nadine aliendelea. "Kwa mkono wake. Alden humwuzia mtu miti, humwuzia manyoya, humfundisha. Lakini kumtengenezea mtu dazeni, hajafanya tangu alipomtengenezea marehemu baba yake. Na Boyd ana misimu miwili tu kwenye upinde."

"Nani aliumia?"

"Nani hakuumia? Wapo waliosubiri dazeni hiyo mpaka mvi zikawaota."

"Na mishale ya Alden mwenyewe? Kuna uliopotea?"

Nadine alifikiri. "Mmoja. Siku ya visiki."

Siku ya visiki ni ya mwezi wa nane, kabla msimu haujafunguliwa. Chama kizima hupanda mlimani wawili wawili, wakipiga visiki vilivyooza kwa mishale yenye vichwa butu ili mkono uzoee. Mshale ukipotea, atakayeuokota huupeleka nyumbani kwa mwenyewe pamoja na chupa ya bia. Hata majirani wasiosalimiana huletewa mishale yao. Kukaa na mshale wa mtu ni aibu isiyo na msamaha pale Pruitt; afadhali ukae na gari lake.

"Tulisubiri," alisema Nadine. "Bia haikuja. Alden aliona ajabu, kwa sababu anasema aliuona ulipoangukia, lakini alipofika pale haukuwapo."

"Alitembea na nani siku hiyo?"

"Na Delmar Sipe. Kila mwaka ni Delmar."

*

Seli ya Pruitt ni chumba kimoja chenye dirisha dogo. Alden Raske alikuwa ameketi kitandani bila mkanda, mikono magotini, vidole vimekakamaa kwa gundi ya miaka mingi.

"Nimeshasema, afande. Mshale ni wangu."

"Ulionyeshwa picha ya mistari tu. Leo utazame wote."

Alimpa ule mshale ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mzee aliuinua kwenye mwanga, akaanza nyuma kama wafanyavyo watu wa kazi ile: mkato wa kushikia ugwe, manyoya, mistari, uti, mwisho chuma. Alipofika kwenye chuma uso ukamkunjamana.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Uchafu gani?"

"Haya manyoya ni ya bata mzinga, bawa la kushoto. Unayaona yalivyolala? Mshale ukitoka upindeni unazunguka kushoto. Sasa tazama kigumba. Kimenolewa upande mmoja tu, kwa makusudi, ili kikiingia nyamani kizunguke. Lakini kimenolewa kulia. Kinataka kuzunguka kulia."

"Na madhara yake?"

"Ni kukaza skrubu na kuilegeza kwa mpigo mmoja. Ukifika mfupani mshale unagombana wenyewe kwa wenyewe, unaishiwa nguvu. Ndiyo maana ulikwama ndani ya mtoto wa watu. Wangu ungetokea upande wa pili ukaenda kuchoma mti." Akasikia alichokisema, akauteremsha mfuko. "Mungu anisamehe."

"Ule uliopotea siku ya visiki ulikuwa na kichwa gani?"

"Butu. Lazima uwe butu."

"Basi mtu aliuokota, akang'oa butu lako, akabandika cha kwake. Nani hapa hutumia vigumba vya kulia?"

"Wapo."

"Mzee Raske, huyu si mpigaji wa kubahatisha. Hollis amepima. Hatua thelathini na moja, katikati ya matawi, mwanya wa upana wa sahani. Hukuambiwa hilo?"

Hakuwa ameambiwa. Corliss aliliona hilo kwa jinsi mzee alivyoacha kupepesa macho. Alden alimrudishia mfuko taratibu, akalala kitandani, akageukia ukuta.

"Sina la kusema tena."

"Saa kumi wanasaini. Kwa umri wako ukiingia gerezani hutoki."

"Waache wasaini."

Corliss alibaki na mgongo wa mtu. Ilikuwa saa sita na nusu. Alirudi mezani na orodha ya chama. Wanachama kumi na tisa. Saba hutumia vigumba vya kunoa upande mmoja. Kati ya hao, wawili hufunga manyoya ya bawa la kulia na kunoa kulia. Mmoja alikuwa mjini Boise kwenye harusi ya binti yake tangu Alhamisi, na picha zilikuwapo, mpaka za keki. Wa pili alikuwa Delmar Sipe.

"Unabahatisha," Colley alimwambia.

"Ndiyo maana nakwenda kuuliza."

*

Delmar Sipe, fundi wa mabasi ya shule, alikuwa na karakana safi kuliko majiko mengi. Kuta zilijaa pembe za elki, na chini ya kila jozi kibao chenye mwaka. Mishale yake ilisimama kwenye mtungi wa maziwa, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mabega mapana, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto.

Corliss aliweka kinasa sauti juu ya benchi la kazi. Akamwambia wazi kwamba halazimiki kujibu, na kwamba anaweza kumwambia aondoke wakati wowote. Hollis alibaki nje mlangoni.

"Weka tu," alisema Delmar. "Mimi nina nini cha kuficha? Ya Alden yanatuuma sote."

"Nimekuja unisaidie kuchagua mishale."

"Wewe? Wewe mtu wa bunduki, Corliss. Kama baba yako."

"Nataka kuelewa. Tuseme nina upinde unaovutwa kwa nguvu ya ratili hamsini na tano, natafuta dume la elki. Unanipa nini?"

Delmar alimtazama kuona kama anatania. "Watu huenda kwa Alden."

"Mimi nimekuja kwako."

Lo, mtu yule alichangamka. Alivuta droo, akamwaga miti ya mwerezi juu ya benchi, akaanza kuipinda mmoja mmoja kwa kidole gumba, anatupa huku, anatupa kule.

"Kwanza ugumu. Mti ulingane na upinde. Ukiwa laini, unatupa mkia. Ukiwa mgumu, unakimbilia pembeni. Ukishapata unaolingana, tafuta uzito. Vijana wanataka mshale mwepesi, uende mbio. Elki ana mbavu kama mapipa, mwepesi utamfanyia nini? Nataka greni mia sita na hamsini." Aliuweka mmoja kwenye mizani yake ndogo, akaridhika. "Na uzito wenyewe ukae mbele, karibu na kigumba, usukume."

"Na kigumba?"

"Makali mawili. Usidanganywe na makali matatu, yanakata jeraha zuri lakini yakigonga bega yanakwama. Mawili, marefu, yamenolewa mpaka yanyoe." Alichukua kigumba kimoja, akanyoa vinyweleo vya mkononi kumwonyesha. "Upande mmoja. Kulia."

Corliss alikipokea, akakigeuza. Kilikuwa ndugu wa kile kilichokuwa ofisini, hata mikwaruzo ya tupa ililala vilevile.

"Manyoya?"

"Bawa la kulia."

"Nikiwa na ya kushoto?"

"Haina tofauti." Lilimtoka upesi mno.

"Alden anasema—"

"Alden anasema. Bonde zima linaishi kwa Alden anasema. Miaka kumi na tisa namwambia ule ni ushirikina wa wazee. Mwaka juzi nilisema mbele ya chama chote, akanicheka. Akasema, Delmar, ukimaliza kanoe visu vya jikoni. Na watu wakacheka naye." Shingo ilikuwa imemwiva. "Ukichanganya unaruka vilevile. Unanyooka vilevile."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Lini?"

Delmar alichukua tupa, akaanza kukinoa kigumba ambacho hakikuhitaji kunolewa. "Zamani."

Wivu wa mapenzi una heshima yake duniani. Watu huuimba, mahakimu huuelewa, ndiyo maana Colley aliudaka haraka. Kijicho cha fundi kwa fundi hakuna anayekiimba. Mtu hukificha kama choo kibovu, na harufu haiachi kutoka. Corliss alikijua vizuri. Alikuwa ameishi nacho tangu Machi. Alivuta kiti, akaketi.

"Basi Alden mwenyewe amekuja upande wako," alisema. "Mshale uliomuua Boyd ulikuwa hivyohivyo. Manyoya ya kushoto, kigumba cha kulia."

"Eeh?"

"Naye amekubali mshale ni wake. Saa kumi itaandikwa kwenye karatasi ya serikali: Alden Raske, miaka sitini na sita, hatua thelathini na moja, kwenye mwanya wa sahani, pigo moja. Chamani wamesikitika, lakini wanalizungumza. Wanasema mzee bado ni mzee. Wanasema bonde hili hakuna mwingine angeweza."

"Nani kasema?"

"Wote."

"Alden mkono unamtetemeka," alisema Delmar. "Hatua ishirini anabahatisha. Mimi natembea naye kila mwaka, mimi ndiye najua. Siku ya visiki alikosa sita."

"Hata mimi niliona ajabu. Nikamwuliza mwenyewe kama yupo mwingine anayeweza pigo lile." Huo ulikuwa uongo. Sheria ya kule inamruhusu askari kuusema, na Corliss hakuona haya. "Akasema hakuna."

Tupa ilisimama. "Hakuna?"

"Hakufikiri hata kidogo. Hakuna."

"Hakunitaja?"

"Hakukutaja."

Delmar alikiweka kigumba juu ya benchi, kwa uangalifu, makali yakitazama ukuta. Miaka kumi na tisa alikuwa amesubiri dazeni moja na neno moja, na dazeni alishaiona ndani ya podo la mgeni.

"Alden hawezi kupiga vile," alisema polepole. "Hata ujanani asingeweza. Nilisimama pale saa nzima, upepo usoni, tawi moja linanikuna jicho. Yule mtoto akaja na podo lake limejaa kijani na nyeupe, anatembea kama bwana harusi. Mishale kumi na miwili. Alikuwa hajui hata kuibeba. Nilingoja ageuke, na mwanya ulikuwa pale pale, mdogo hivi." Alionyesha kwa mikono. "Nani mwingine angepitisha hapo? Mimi. Mshale umechanganywa, kama nilivyowaambia, na ukaenda. Nilipiga mimi. Uandike hivyo."

"Na mshale wa Alden ulikuwa wa nini?"

"Alikuwa anaugawa ufundi wake ovyo. Nikaona aulipie."

Hollis alikuwa ameshaingia. Corliss alimsomea Delmar haki zake neno kwa neno na kumfunga pingu. Katika droo ya chini walipata kijiti cha gundi nyeusi kilichoyeyushwa ncha, na ndani ya kopo la misumari, kichwa butu cha chuma chenye utomvu wa kahawia umegandia ndani. Hakukitupa. Hollis alikitia kwenye mfuko wake na kuandika saa juu yake: nane na dakika hamsini.

*

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshatoa kalamu Corliss alipopiga simu. Colley aliisikiliza kanda yote akiwa amesimama, akasema "kazi nzuri" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Corliss alifurahi, tena sana, wala hakujisingizia kwamba ni kwa ajili ya haki peke yake.

Alden alitolewa saa kumi kasorobo. Alisimama kaunta akipitisha mkanda kwenye suruali, Nadine amemshikia kofia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Hollis akamwingiza Delmar. Korido pale ni nyembamba. Wanaume wawili wakajikuta wametazamana, hawana pa kupishana.

"Ulijua," Corliss alimwambia mzee. "Kule seli uligeukia ukuta kwa sababu ulijua."

"Nilijua pale uliponiambia hatua thelathini na moja." Alden aliongea na Corliss, lakini macho yalibaki kwa Delmar. "Katikati ya matawi. Bonde hili lina mtu mmoja tu wa pigo lile. Ananipita mimi, anampita baba yangu. Sikuwahi kumwambia. Niliogopa akisifiwa ataacha kunoa." Akafunga mkanda. "Nikaona kijana wa watu amekufa kwa mdomo wangu. Ningeanzaje kumtaja?"

Nadine alianza kulia kimyakimya, akamvika mumewe kofia kichwani mwenyewe, akamshika mkono waondoke. Alden hakugeuka tena.

Delmar alibaki amesimama na pingu mikononi. Rangi ilikuwa imemrudia usoni, mabega yamenyooka, na macho yalimng'aa kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alimgeukia Corliss.

"Umesikia alivyosema?" akamwuliza.